Volti Sita

Oktoba imeshavuna kila kitu hapa Saskatchewan,
tumebaki mimi, Shangazi Stefka, na lori.
Yeye ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa,
tochi magotini, soksi mbili mbili miguuni,
ananisimulia tena jinsi babake alivyolinunua
mwaka wa arobaini na tisa, kwa fedha ya shayiri
na ng'ombe mmoja aliyekuwa akichechemea.
Usiku huu analitaka kwenye karamu ya kanisa la Dobravoda,
kilomita kumi na nane.
Si kwa kuvutwa. Si mchana.
"Kwa taa zake," anasema.

Nami nimefungua boneti tangu saa nne asubuhi.

Betri ni nzima. Nimeipima, nimeipima tena.
Mshale wa chaji ndio umelala kwenye sifuri
kama mbwa aliyeshiba, hata injini ivume vipi.
Mkanda umekaza. Waya zimevaa kitambaa cha zamani,
ukizigusa zinabaki unga vidoleni.
Nafungua kitako cha dainamo:
brashi za kaboni zimelika,
zimebaki fupi kama penseli ya seremala,
na shaba zilipokuwa zikisugua ni nyeusi tii.

"Baba alitumia msasa mkuukuu," asema Stefka.
"Ule mpya unakula."
Basi nasugua kwa msasa mkuukuu
mpaka shaba inatokeza rangi ya ganda la kitunguu,
natia brashi mpya, nakaza skrubu.

Lakini dainamo iliyolala miaka kumi na moja
husahau upande wa chanya na upande wa hasi,
na katika lori hili, usiniulize kwa nini,
chanya ndiyo iendayo ardhini.
Lazima ikumbushwe.
Kipande cha waya, ncha mbili, mguso mmoja:
ta! cheche ya buluu.
Stefka anaruka kutoka kwenye ndoo
na kutukana kwa Kiukraina,
tusi refu lenye kuku ndani yake.

Injini ikawaka. Mshale ukatikisika, ukajivuta,
ukavuka sifuri kuelekea kulia.
Tukapeana mikono kama watu waliouziana shamba.

Halafu nikawasha taa.

Njano. Njano ya majani ya chai
yaliyochemshwa mara ya tatu.
Nikabadili balbu. Nikatoa fyuzi, nikaipuliza, nikairudisha.
Nikailaumu swichi, nikamlaumu marehemu.
Nje jua lilikuwa limeshafika kwenye mabua.
Stefka hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwisho, kwa kukosa la kufanya,
nikachukua waya mrefu, ncha moja kwenye ganda la taa,
nyingine kwenye kichwa cha betri, ule upande wa ardhi.

Mwanga ukaruka mpaka ukutani!
Ukaonyesha miundu, ngazi, kiota kitupu cha mbayuwayu,
na kivuli changu kilichoinama kama mwizi.

Rangi. Ile rangi yangu.
Kiangazi kile nililipaka lote, mabano, washa, hata chini ya nati,
tabaka tatu za kijani, ili lipendeze.
Umeme ulikuwa ukienda vizuri kabisa.
Haukuwa na pa kurudia.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
changu kilikuwa kwenye kopo la rangi
na mpini wake niliushika mwenyewe.

Nikakwangua hadi chuma kikabaki uchi.
Stefka akamulika, akacheka, akafuta machozi kwa glavu.
"Baba hakuwahi kulipaka," alisema.

Taa ya nyuma kushoto haijawaka mpaka sasa.
Amefunga hapo kitambaa chake chekundu cha kichwani,
anasema polisi wote wa wilaya hii
walifundishwa kusoma na dada yake.

Tunakwenda, barabara ya kokoto, dirisha halifungi.
Kwenye njia panda injini inashusha pumzi
na taa zinafifia, karibu kuzimika.
"Kanyaga," anasema.
Nakanyaga.